Kibati cha Sindano

Mume wangu alisema hapasuliwi na mtu mpaka kwanza akageuze kibati chake kule mgodini, nami nikamwambia apotelee mbali, yeye na kibati chake. Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, watu wanapita na karatasi zao mkononi, na mimi kunong'ona sijui. Mtu aliyemaliza ujana wake akiongea juu ya mlio wa cherehani hana sauti ya chini. Daktari alitoa kichwa mlangoni, akatutazama, akakirudisha ndani.

Ni daktari huyo huyo aliyekuwa ametueleza taratibu, kwa heshima, utadhani anaongea na wazazi wake. Kwenye pafu la kushoto kuna uvimbe. Bado mdogo, unatolewa, lakini ukiachwa hautabaki mdogo. Utapewa dawa ya usingizi, mzee, utalala, hutasikia chochote, tutafungua kifua tuutoe, kisha utaamka. Upasuaji ni wiki ijayo, na mpaka hapo uwe unatembeatembea, mapafu yachangamke. Mume wangu alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mpaka pale kwenye kulala. Hapo shingo ikakauka.

"Nikilala huko," akaniuliza tulipotoka, "ubao unasema niko wapi?"

Ngoja nieleze huo ubao, maana asiyeujua atadhani mume wangu amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Ni ubishi tu.

Zamani, kabla mgongo haujampinda, alikuwa mchimbaji katika mgodi wa dhahabu juu ya mlima ule unaoonekana kutoka dirisha langu la kushonea. Jina lake la huko ni Sindano. Walimpa kwa sababu alikuwa mwembamba, anapenya kwenye nyufa ambazo wenzake wanakwama mabega, na pia kwa kuwa ameoa fundi cherehani. Mlangoni mwa mgodi palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda ubao mkubwa wa misumari, na kila msumari una kibati cha mtu mmoja. Upande mmoja kimepakwa rangi nyekundu, upande wa pili ni bati jeupe. Ukiingia chini, unageuza nyekundu. Ukitoka, unageuza nyeupe. Msimamizi akitupa jicho kwenye ubao, anajua nani bado yuko tumboni mwa mlima.

Na kila mtu anageuza cha kwake, kwa mkono wake. Sheria hiyo haikuletwa na wenye mgodi, waliitunga wachimbaji wenyewe. Kulikuwa na jamaa mmoja mwema, mwema wa kupitiliza, alitoka jioni akaona kibati cha rafiki yake bado chekundu, akadhani amesahau, akamgeuzia. Ubao ukawa mweupe wote, msimamizi akafunga, watu wakaenda kula. Kumbe rafiki mwenyewe bado yuko chini, anahangaika na taa iliyozimika. Walimtoa asubuhi akiwa mzima, lakini hakulala tena gizani maisha yake yote, na tangu siku ile hakuna aliyegusa kibati cha mwenzake. Mkono wako mwenyewe. Mkono ukiwa na bandeji, geuza kwa pua.

Wa mwisho kutoka ndiye anayehakikisha ubao ni mweupe, kisha anasimama mlangoni, anapaza sauti: "Mlima mtupu!" Na sisi tuliokuja kuwapokea, wake zao, mama zao, watoto, tumejazana nje ya lango, tunajibu: "Nyumba zimejaa!" Nilikuwa napanda mlima ule na uchovu wa cherehani miguuni kwa ajili ya kujibu maneno hayo mawili. Ukishajibu, unaweza kumgombeza mumeo mpaka nyumbani kwa raha zako.

Siku mgodi ulipokufa hapakuwa na kujibu. Maji yalipasua ukuta huko chini. Wenzake wote walitokea mlangoni mbio, kila mmoja akageuza kibati chake, wengine huku wanalia. Sindano alikuwa mbali, maji yakamkatia njia, akapenya kwenye tundu la hewa akatokea upande wa pili wa mlima, ameloa chapachapa, kiatu kimoja. Mpaka azunguke mlima afike langoni, wenye mgodi wameshafunga kwa minyororo na kuweka mlinzi. Akaomba aingie mara moja tu, ageuze kibati. Mlinzi akamwambia, "Kaka, si umeshatoka? Nenda nyumbani."

Basi akaja nyumbani, na kwa miaka yote hiyo jambo lenyewe likawa mzaha. Mgeni asiyemtaka akibisha hodi, ananinong'oneza, "Mwambie niko chini, ubao unasema sijatoka." Nikimwita kula akichelewa, "Niko chini!" Watoto wetu walikua wakidhani kila baba ana mlima wake wa kujifichia. Mimi pia nilicheka. Sasa amesimama korido ya hospitali ananiuliza swali lile lile, na hacheki.

"Kufa siogopi," aliniambia tulipofika nyumbani. Nilikuwa nimegeukia cherehani kwa hasira, nashona pindo la suruali ya watu. "Kufa tutakufa wote. Lakini kulala kule, wanizime kama taa, na huko juu bado ni chekundu... Mama watoto, nitapotea. Sitaijua njia ya kutokea."

"Wewe! Ni bati!" nikamwambia. "Bati lenye kutu!"

"Najua ni bati."

Alikuwa anafungua vifungo vya shati, anakosea tundu, anarudia, anakosea tena. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nimeishi na mkono ule tangu nikiwa msichana. Umeshika baruti haukutetemeka, umepokea watoto wetu bado wana damu ya kuzaliwa haukutetemeka. Nikaacha suruali ya watu ikaenda upande.

Binti yetu alipiga simu. "Mama, shida iko wapi? Mwambie umemtuma mtu amekwenda kukigeuza. Baba atajuaje?" Ni mtoto mzuri, ana huruma, lakini mgodi ulifungwa yeye bado ananyonya. Nikamwambia baba yake hadanganywi kwenye jambo la kufa na kupona, na yeye akome kunifundisha ndoa. Kisha nikaenda kuchemsha mayai ya safari.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Jirani yetu muuza mboga ana pikapu, akatupeleka asubuhi mpaka pale barabara inapoishia, akasema atatupitia jioni akitoka sokoni. Daktari alisema mzee atembee. Hakusema atembee wapi.

Siku ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa hata kwa hasira zangu. Majani bado yana umande, hewa ya baridi kidogo, ndege wanapigiana kelele vichakani. Njia inafuata reli za zamani za toroli, zimezama kwenye udongo, mahali pengine zinachomoza kama mbavu. Yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na mkoba: mayai, mkate, chupa ya chai, sweta lake, dawa zake. Na kwenye ukosi wa blauzi yangu, sindano na uzi wake, maana mimi bila sindano ukosini najiona niko uchi.

Hatukwenda mbali, akasimama. "Tazama ua lile."

"Ua gani?"

"Lile la njano."

"Sindano, miaka yote hii hujanionyesha ua hata moja, leo ndiyo macho yamefunguka?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nami nikajifanya natoa mchanga kwenye kiatu, kwa sababu hapendi kutazamwa akikohoa. Mbele kidogo akasimama tena, eti jiwe hili analikumbuka. Halafu mti. Halafu ua jingine. Nilijua anatafuta pumzi, na yeye alijua kwamba najua, lakini heshima ya mtu ni kumwachia uongo wake mdogo. Hilo aliinama akalichuma, la njano kama lile la kwanza, akalichomeka kwenye mtandio wangu.

"Basi, hilo hapo. Usije ukasema hukupewa."

"La nini sasa? Litanyauka kabla ya mchana."

Sikulitoa.

Tulipita kijito walichokuwa wakinawia nyuso wakishuka, ili wasifike nyumbani na vumbi usoni. Akanawa na leo, kwa mazoea. Tukala mayai pale, tumekaa juu ya rundo la mawe waliyoyatoa tumboni mwa mlima kwa mikono yao. Akaokota kijiwe kinachometameta, akanikabidhi kwa adabu zote.

"Dhahabu?" nikauliza.

"Ya wajinga."

"Ndiyo saizi yangu, niliyeolewa na wewe."

Akatafuna mkate polepole, anatazama bonde. "Unajua siku ya kwanza ulipokuja kunipokea, nilijificha nyuma ya kibanda? Wenzangu wote wametoka. Nilitaka kuona kama utalia."

Hilo sikuwa nalijua. Nilimtazama huyu mzee, na yai mkononi, nikataka kumpiga nalo. "Na nililia?"

"Ulinitukana. Ulisimama langoni ukasema, 'Huyo mwembamba wenu kama amekufa humo ndani nitamfuata nimuue.' Ndiyo siku niliyojua nimepata mke."

Nikamwambia anywe chai kabla haijapoa.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo mlima ulipomkatalia. Kuna toroli moja la mawe limepinduka kando ya reli, na ukisimama pale unaliona paa la kibanda, yaani pale tu, ungemwita mtu angegeuka. Lakini kutoka hapo njia inasimama wima. Alijikaza kisabuni, akapanda hatua chache, akarudi nyuma akakaa juu ya toroli. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamvika sweta, nikamkanda mgongo, nikamhesabia pumzi kama mama anavyomwimbia mtoto. Rangi ilirudi, lakini miguu haikurudi. Alijaribu mara ya pili, akakaa tena.

"Turudi," akasema.

Laiti angekasirika! Mume wangu akigomba najua pa kumshika. Lakini alisema kwa upole, anafuta jasho kwa kofia yake.

"Umenileta mpaka hapa, mama watoto. Inatosha. Nitamwambia daktari asijisumbue. Nikae na uvimbe wangu nyumbani, tule siku zitakazokuwepo."

Hapo ndipo baridi iliponiingia. Sasa nilielewa kwamba si suala la bati tena. Huyu mtu ananiaga, mchana kweupe, juu ya toroli bovu, na pale juu naliona paa.

"Nitakwenda mimi nikugeuzie," nikasema.

"Mkono wangu mwenyewe."

"Mimi ni mkeo! Tumekula sahani moja, tumelala kitanda kimoja, mkono wangu na wako una tofauti gani?"

"Kwenye ubao una tofauti."

"Ubishi huo utauacha kwa nani ukifa? Maana mimi siurithi!"

Nikamwekea chupa ya chai karibu, nikamwambia asisogee hata unywele, naenda kuutazama huo ubao unaonisumbua ndoa yangu. Nikapanda. Mahali pengine nilipanda kwa mikono, kama mtoto anayejifunza kutambaa, namtukana Sindano, natukana wenye mgodi, namtukana na yule mlinzi popote alipo. Matusi yanasaidia kupanda, hilo nimelihakikisha.

Lango limeanguka upande mmoja, minyororo imeliwa na kutu. Mdomo wa mgodi umezibwa kwa magogo, na katikati ya magogo unatoka upepo wa baridi wenye harufu ya mawe yaliyoloa, harufu ile ile aliyokuwa akija nayo kitandani. Kibanda hakina mlango, nusu ya paa imechukuliwa na watu. Lakini ubao upo. Umetundikwa kwenye kulabu mbili, na vibati vimejipanga, vyote vimegeuzwa upande mweupe, ingawa weupe wenyewe sasa ni kahawia.

Vyote isipokuwa kimoja.

Wekundu wake ulikuwa umefifia. Amekikwaruza alama ya sindano kwa ncha ya msumari, na hata tundu la kupitisha uzi amelichora. Nililia, sitaficha. Nilikuwa nimekicheka kibati kile miaka na miaka, lakini kukiona pale, peke yake, wenzake wote wameshatoka, yeye tu ndiye bado... Nikajiona niko langoni jioni ile, nasubiri sauti, na hakuna aliyeita.

Nikanyoosha kidole. Kitu chenyewe ni kuchokoa tu. Ningeshuka nikamwambia mlima wenyewe ulikigeuza, upepo, ndege, chochote. Kidole kikagusa msumari, kikarudi chenyewe.

Ndipo hasira zikanipanda upya, na hasira zangu, ashukuriwe Mungu, huwa zinakuja na akili. Sheria inasema mkono wake. Haisemi ubao ukae wapi.

Nikashika ubao chini nikaupima. Mzito, lakini nimebeba kuni zaidi ya hizo nikiwa na mimba. Tatizo ni vibati: njiani vitachezacheza, na hiki cha kwetu kikijigeuza chenyewe kwa mtikisiko, kazi yote imekwenda bure na mtu wangu hatalala. Nikachomoa sindano ukosini. Nikapitisha uzi kwenye tundu la kibati, nikauzungusha kwenye msumari, nikarudia, nikafunga fundo la kifungo cha koti, lile lisilofunguka hata mvaaji akinenepa. Kisha nikavua mtandio, nikausokota ngata, ua la njano nikalishika kwa meno. Nikautoa ubao kwenye kulabu, nikauegemeza juu ya ukuta mfupi, nikachutama, nikajitwika. Kuinuka ilikuwa kazi. Kwa maneno niliyoyasema nikiinuka, nashukuru hapakuwa na mtu.

Nikashuka mlima na wanaume wote wale kichwani, wanalia chwa-chwa-chwa kila nikikanyaga. Mahali fulani niliteleza nikakaa kitako, ubao nimeukumbatia. Hakuna kibati kilichoanguka. Sketi ilipasuka, lakini hilo ni la fundi, linashonwa.

Aliisikia sauti kabla hajaniona. Nilipotokea kwenye kona alikuwa amesimama, ameshika fimbo kwa mikono miwili, mdomo wazi.

"Mungu wangu! Mama watoto, umeiba ubao!"

"Nimeuazima. Njoo unitue, shingo inavunjika!"

Akanitua. Akacheka mpaka akakaa chini, akakohoa, akacheka tena, anapangusa macho. Nami nilikuwa nacheka, nimeketi katikati ya reli na ua mdomoni. Halafu akauegemeza ubao kwenye toroli, akavua kofia, na kicheko kikaisha.

Alipitisha kidole mbele ya vibati bila kuvigusa. "Kijiko huyu. Alikuwa hali mpaka kijiko chake kipatikane. Huyu tulimzika mwaka jana. Huyu Bwana Afya, kila siku mgonjwa. Na huyu hapa ndiye mwema wa kupitiliza." Akafika kwenye cha kwake, akasita. "Hii nini?"

"Uzi. Kisije kikageuka chenyewe njiani, halafu useme ni mimi."

Nilitegemea mzaha, nikawa na wangu tayari wa kumrudishia. Alisema tu, "Ahsante, fundi wangu," kwa sauti ya kijana niliyemjua zamani, nami nikainama haraka nikakata uzi kwa meno ili asinione uso.

Kisha akanyoosha mkono, mkono wake mwenyewe, akakigeuza. Kililia kidogo kwenye msumari, kikatulia. Akajinyoosha kadiri mgongo unavyoruhusu, akavuta pumzi, akaita:

"Mlima mtupu!"

Sauti ilikwaruza, lakini ilikwenda, ikagonga upande wa pili wa bonde. Akanigeukia, anasubiri. Na maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, yamekaa pale tangu siku ya mafuriko. Nikayameza.

"Sijibu," nikasema.

"Ebo! Kwa nini?"

"Nyumba haijajaa. Kapasuliwe, uamke, urudi. Ukitaka jibu lako, amka ulifuate."

Alitikisa kichwa. "Mwanamke mgumu wewe."

"Ulinioa ukijua. Ulijificha nyuma ya kibanda ukahakikisha."

Ubao tuliulaza chini ya toroli, uso chini, mvua isiupige, kwa sababu vibati vya wenzake ni vya mlima. Cha kwake alikichomoa, akakitia mfukoni. Tulishuka polepole, na safari hii alisimama kutazama maua kila alipotaka, wala sikumsema.

Siku ya upasuaji muuguzi, binti mdogo wa sura ya upole, alimvua saa, akamvua pete. "Na hicho mkononi, babu. Chuma hakiingii huko." Mume wangu akakitazama kibati. Akakigeuza nyekundu, bila mkono kutetemeka. "Naingia," akasema, akanipa, wakamsukuma na kitanda chake mpaka milango ikajifunga.

Kwenye korido palikuwa na msumari wa kalenda iliyokwisha. Nikakitundika pale, nikakaa mbele yake. Watu walikuja wakaondoka. Binti yetu alikuwa njiani, anapiga simu kila kituo, mpaka nikaizima. Mama mmoja mfagiaji akaja na kitambaa chake, anafuta kuta, akanyoosha mkono. "Mama, hili bati ni la kutupa?"

"Usiguse!"

Korido nzima iliruka. Nikaona aibu, nikamwomba radhi, nikamweleza: ubao, rangi, mkono wa mwenyewe. Akaenda na ndoo yake. Baadaye kidogo akarudi, akaketi kando yangu, ufagio magotini, tukawa tunakitazama wote wawili.

Daktari alipotoka alikuwa amevua kofia yake ya kijani. Uvimbe umetoka wote, akasema, moyo unapiga vizuri. "Ila bado hajaamka, mama. Wengine huchukua muda. Tumpe nafasi."

Alikuwa amelala na mipira puani, mdogo kuliko nilivyomkabidhi. Muuguzi alimwita, "Babu! Babu, fungua macho!" Akampigapiga shavu. Wapi. Akamwita tena, na safari hii nikasikia upole umepungua na wasiwasi umeongezeka, na mashine inaendelea na mlio wake. Nilimshika mguu. Ulikuwa wa baridi. Nikasema moyoni, amepotea, alisema atapotea.

Nikatoa kibati nilichokuwa nimekitungua kule korido na kukitia mfukoni, nikakiweka juu ya shuka chini ya vidole vyake, wekundu juu. Nikainama sikioni.

"Sindano," nikamwambia. "Wenzako wote wametoka. Umebaki wewe tu, na watu wanataka kufunga. Mimi niko langoni."

Hakuna kitu. Kisha kidole kimoja kikasogea. Kikapapasa ukingo wa bati, kikateleza, kikarudi, kikatafuta ile alama ya sindano kama mtu anayetafuta ukuta gizani. Muuguzi akanyoosha mkono amsaidie, nami nikaudaka mkono wake hewani.

"Mwache. Mkono wake mwenyewe."

Alikigeuza. Ilimchukua muda, lakini alikigeuza, na bati jeupe likatazama dari. Macho yakafunguka nusu, yakanitafuta, yakanipata. Midomo ikacheza. Sauti haikutoka, lakini nilikuwa na haja gani na sauti? Nililijua neno la kwanza na la pili, na nilijua anasubiri nini.

"Nyumba imejaa!" nikajibu, kwa sauti yangu yote, sauti ya langoni.

Muuguzi akaruka. "Mama! Hapa ni wodini, watu wamelala!"

Machozi yalikuwa yananifika kidevuni.

"Basi na wao waamke," nikamwambia.